Zamu ya Klarineti

Foleni ya dirisha la dawa ilifika mpaka mlangoni asubuhi ile, na mwalimu wa bendi ya chuo kikuu alisimama humo saa nzima na bega lake bovu. Alivaa koti zuri na shati lililopigwa pasi mbele tu, kama wafanyavyo wanaume wanaoishi peke yao. Mfamasia, mwanamke wa makamo mwenye miwani na kilemba cha kijani, alisoma cheti chake akamtazama.

"Bega limechoka kwa kazi. Unabeba mizigo gani?"

"Kijiti."

"Kijiti?"

"Cha kuongozea bendi. Urefu wake hivi."

Mfamasia akacheka mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika. "Dawa hii nawapa wapagazi, Mwalimu. Wa kijiti ni wewe wa kwanza."

Mwalimu alipaswa kuchukua dawa yake na kwenda zake, lakini hakwenda. Kabla foleni haijamfukuza alikwisha kujua kwamba mama huyu alipiga klarineti shuleni, kabla ya ndoa na kabla ya ujane. Mwalimu naye akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, kwamba mpiga klarineti wake mmoja amehitimu na kiti kiko wazi. Jumamosi mfamasia akaja mazoezini, na klarineti aliyoazima chini ya kwapa.

Mwalimu huyu alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ishirini na sita kati ya hiyo aliwapa wanafunzi wa watu, na hakupata muda wa kuoa. Jumapili alikwenda ofisini kupanga upya makaratasi ya muziki yaliyokwisha kupangwa, kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumsemesha. Sasa simu ililia kila jioni.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate si chakula, mpenzi. Mkate ni ahadi ya chakula."

Akacheka peke yake chumbani, akajishangaa. Alitaka kumwoa. Alimwambia hivyo dada mkubwa wa mfamasia, akawaambia hata wapiga ngoma wake wawili. Mfamasia mwenyewe hakumwambia, akisubiri sherehe ya mahafali ipite kwanza.

Siku ya mahafali ukumbi ulifurika. Mfamasia alivaa gauni la samawati alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na katikati ya wimbo wa tatu alikuwa na mapigo kumi na sita ya kupiga peke yake. Katika darasa lake la uongozaji, mwalimu hufundisha jambo moja tangu wiki ya kwanza: mkono huinuliwa mpigaji mwenye mashaka. Mpigaji unayemwamini humtazami, unampa mgongo, na wanafunzi wake hugombania mgongo huo kama zawadi. Basi zamu ya klarineti ilipofika, mwalimu akawageukia watu wa tromboni, ambao huchelewa siku zote, akamwachia mpenzi wake heshima kubwa kuliko zote alizokuwa nazo.

Mfamasia hakuwahi kukaa katika darasa lile. Aliinua klarineti, akasubiri mkono, akaona bega. Mapigo kumi na sita yakapita bila sauti, watu mia nne wakisikiliza feni za ukumbi.

Mwalimu alidhani mfamasia amesahau zamu yake. Kwa huruma akaamua kutolitaja kabisa, na hilo ndilo lililoharibu zaidi. Mfamasia alipoona hatajwi, akajua kwamba ameonewa aibu. Akaacha kupokea simu. Wiki tatu mwalimu akala mkate akiwa amesimama, na Jumapili akarudi kwenye makaratasi. Upweke wa zamani alikuwa ameuzoea. Huu mpya ulimuuma.

Ndipo dada mtu akampigia. Akasema atamwita shemeji kwa kuwa alishazoea, kisha akamkaripia. Mdogo wake ameomba uhamisho, Jumatatu anahamia hospitali ya mji mwingine. Na alipopewa mgongo mbele ya ukumbi mzima, alikuwa akisubiri mwalimu amwinulie mkono ndipo apige.

Mwalimu alikwenda mchana uleule. Nyumba ilijaa maboksi. Dada mtu alimfungulia, akaingia jikoni, akazima jiko ili asikie vizuri. Mwalimu akaeleza habari ya mkono na mgongo, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojiona mjinga.

Mfamasia aliendelea kufunga vikombe kwenye magazeti. "Kwa hiyo uliniamini."

"Kuliko wote."

"Marehemu mume wangu naye aliniamini. Hela zote mkononi mwangu, watoto mikononi mwangu. Miaka kumi na tisa. Alikufa sijui kama alinipenda." Akaweka kikombe chini. "Hao wanafunzi wako uliwafundisha maana ya mgongo wako. Mimi ulinifundisha lini?"

Mwalimu akashika bega lake bovu.

"Nimetia sahihi," mfamasia akasema. "Kama umekuja kunizuia, umechelewa. Kama umekuja kunioa, bado sijaondoka."

Jikoni kulikuwa kimya kabisa. Mwalimu akafikiria ukumbi wa mazoezi, vijana sitini wanaosimama anapoingia, nyumba yake nyingine ya miaka ishirini na sita. Alijua kwamba mtu akitoka pale harudi.

"Nimekuja kukuoa," akasema. "Huko huko unakokwenda. Bendi itapata mwalimu."

"Usiseme usichokiweza."

"Nakiweza. Naogopa sana, lakini nakiweza. Nakupenda, nimechoka kukaa peke yangu, na sijawahi kumwambia mtu maneno haya."

Machozi yalimlengalenga mfamasia. Kisha akaondoa boksi lililokuwa juu ya kiti, akaliweka sakafuni.

"Basi kaa," akamwambia. "Anza tena, polepole."