Maji ya Siku ya Thelathini

Gurudumu la nyuma la kushoto ndilo lililoanza kuzama. Mfaume alihisi gari likiinama, akakanyaga mafuta, matairi yakazunguka bure na tope jeusi likarukia turubai. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. Kila alivyojitahidi ndivyo gari lilivyozidi kukaa, mpaka tumbo lake likalala juu ya tope na injini ikazima. Hapo akasikia maji yakipita katikati ya mizizi ya mikoko. Yalikuwa yakiingia. Kwa hesabu yake, saa hiyo yalipaswa kuwa bado yanatoka.

Ilikuwa saa tano asubuhi, mwisho wa Desemba mwaka 1967, siku ya thelathini ya mfungo. Mfaume alikuwa dereva wa chama cha ushirika cha korosho, mtu wa mtaa wa Rahaleo, Mtwara mjini, baba wa watoto wanne. Nyuma yake, juu ya magunia matupu, alikuwa amelala mama mkwe wake, Bi Theresia, Mmakonde wa ng'ambo aliyevuka Ruvuma miaka mitatu nyuma, vita vilipoanza kule kwao, akajenga kibanda karibu na mdomo wa mto. Siku tano zilizopita, akiokota kombe kwenye matope, alikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Mwiba ulivunjikia ndani ya unyayo. Sasa mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na ulianza kunuka. Mhudumu wa zahanati ya kijijini hakuficha kitu: kama mama huyu halali hospitali ya Mtwara leo, mguu utakwenda, na mwenyewe ataufuata.

Ushirika ulimpa Mfaume Landrova kuukuu kwa siku hiyo moja tu. Barabara ya juu ilikatwa na mvua, daraja lote likachukuliwa na maji. Njia iliyobaki ilikuwa hii ya kukatisha hori, mkono wa bahari uliopitika kwa gari pale tu maji yanapokupwa.

Jambo moja lilifanya safari iwe ngumu kuliko barabara yenyewe. Miaka kumi na mmoja Mfaume na mama mkwe wake hawakuwahi kutazamana usoni. Hawakuwa na ugomvi. Ndiyo heshima waliyolelewa nayo. Mkwe hali chakula mbele ya mama wa mkewe, wala mama hali mbele ya mkwe. Hawakai mkeka mmoja, na neno likihitajika hupitia kwa mtu mwingine. Kama hakuna mtu, huambiwa kitu. Asubuhi ile Bi Theresia, kajifunika kanga gubigubi, aliuambia mlango wa gari umwambie mwenyewe apunguze mwendo kwenye mizizi. Mfaume akauambia usukani useme kwamba amesikia.

Na maji je, aliyakosea vipi, mtu aliyezaliwa Ufukoni? Kabla hawajaondoka, jirani wa Bi Theresia, Stefano mchemsha chumvi, alimshika mkono akamwambia maji yamekwisha geuka, asubiri yatoke tena jioni. Mfaume alimjibu kwamba leo ni thelathini, na siku ya thelathini maji hayageuki mpaka karibu na adhuhuri. Kila dereva wa pwani ile huijua hesabu hiyo: kila siku maji huchelewa kwa karibu saa nzima, kwa hiyo anayeijua tarehe ya mwezi hahitaji kumuuliza mtu. Stefano alisema yeye hajui habari za thelathini, anajua mashimo yake ya chumvi. Mfaume akawasha gari.

Hakuweza kusema vinginevyo, kwa kuwa mwezi ule ulikuwa wake. Yeye ndiye aliyeuona mwezi wa Ramadhani ukiandama. Jioni ile ya kuutafuta, watu wamejaa Ufukoni na mawingu yametanda, aliona kitu chembamba cheupe kikitokeza na kupotea, akasema ameuona kabla hajajiuliza. Maalimu Bushiri alimwapisha mbele ya watu. Mfaume akaapa. Miaka yote walikuwa wakimtania kwamba kaoa kwa Wakristo, kwamba mkewe Veronika, hata baada ya kusilimu na kuitwa Zuhura, bado anapiga mluzi wa kanisani akipepeta mchele. Baada ya kiapo kile walimwita jicho la msikiti. Msikiti mzima ulifunga kesho yake kwa neno lake, na yeye akaizoea sifa hiyo kama mtu anavyozoea kiti.

Sasa maji yalikuwa yakimlamba vifundoni. Hakuwa na nafasi ya kufikiri habari za mwezi. Alikata matawi, akayashindilia chini ya matairi, akachimba kwa sufuria, na kila shimo alilochimba lilijaa. Robo saa baadaye maji yalifika katikati ya matairi. Akaacha. Gari la ushirika lingelala hapo. Mtu hawezi kulala hapo.

Wazo lililofuata lilikuwa maji ya kunywa. Walikuwa na kibuyu kimoja, na nusu yake alikuwa amekwisha kuimimina kwenye rejeta, maana asubuhi jiwe liliitoboa naye akaziba tundu kwa kipande cha sabuni. Iliyobaki Bi Theresia aliimaliza kwa homa. Mfaume alipiga magoti ndani ya maji ya chumvi, akapenyeza mkono chini ya pua ya gari, akatafuta kwa vidole koki ya kumwagia maji ya rejeta. Ilikuwa imeganda kwa kutu. Aliigonga kwa spana, ngozi ya vidole ikachubuka, ikafunguka bahari ikiwa imebakiza kiganja kimoja kuifikia. Maji yalitoka mekundu, ya moto, yakinuka sabuni. Alikinga kibuyu mpaka kikajaa.

Kisha akasimama mlangoni, akautazama usukani, akauambia kwamba inabidi mtu abebwe.

Maji yalikuwa yameanza kuingia chini ya magunia. Bi Theresia akaondoa kanga usoni, na kwa mara ya kwanza akasema naye kama watu wanavyosemezana.

"Mkwe, geuka unipe mgongo. Hapa hakuna wa kumtuma."

Alimbeba kama mtoto. Hatua mia moja hivi ziliwatenga na mkoko mkubwa ulioota peke yake ukingoni mwa hori, na kila hatua tope lilimvuta hadi pajani. Mara mbili alianguka kwa magoti, na mara zote mbili aliinua mikono ili mguu ule usiguse maji. Bi Theresia hakulia. Alikuwa akimwelekeza: mizizi hii imara, ile imeoza, pita kulia. Mfaume alimpandisha kwenye panda ya mti, akamfunga kwa kamba ya magunia pamoja na kanga yake, naye akasimama kwenye mzizi chini yake, bega lake likiwa ngazi ya kuuegemeza mguu.

Maji yaliendelea kupanda. Yalifika kiunoni, yakafika kifuani. Saa nane turubai la Landrova lilizama, kofia ya dereva ikaelea ikizunguka juu yake. Jua lilikuwa limekaa utosini, na mbu wa mikoko hawachagui mchana wala usiku. Waliwauma wote wawili. Kila baada ya muda Mfaume aliinua kibuyu na Bi Theresia akameza mafunda mawili ya maji yale ya kutu. Alitetemeka kwa homa, akamwita marehemu mumewe, akasali sala za kwao kwa Kimakonde, kisha akili ikamrudia.

"Na wewe kunywa," alisema.

Mfaume alisema amefunga. Bi Theresia akamkumbusha kwamba hata yeye, asiye wa dini hiyo, amesikia kwa bintiye kuwa msafiri ameruhusiwa. Mfaume alijua hivyo tangu utotoni. Lakini maji yalikuwa kidogo, mguu uleule ulikuwa begani kwake ukimchoma kwa joto, na kulikuwa na jambo jingine lililomsumbua kuliko kiu. Alikuwa akiyatazama maji. Yalipaswa kuacha kupanda karibu na saa kumi na moja. Saa kumi kamili, kwa saa yake ya mkononi iliyokuwa bado inatembea, alama ya maji kwenye gome ilisimama, ikatulia, kisha ikaanza kushuka. Karibu saa nzima kabla ya hesabu. Yaani siku moja nzima. Bahari ilikuwa inafuata mwezi wenyewe, nao ulikuwa bado uko nyuma ya kiapo chake.

Aliona aibu. Alimwambia Bi Theresia yote, bila kumtazama, kwa sauti ya mtu anayeungama. Kwamba leo si thelathini. Kwamba hakuona mwezi, aliona wingu, na moyoni alijua ni wingu. Kwamba Stefano alisema kweli naye akamdharau, kwa sababu kumkubali ingekuwa kujikana. Na kwamba kesho asubuhi watu wa Rahaleo watakula na kuswali Idi wakati mfungo haujaisha, kwa ajili yake.

Bi Theresia aliyatazama maji yakishuka kwenye gome.

"Umenileta kwenye maji kwa ajili ya uongo," alisema hatimaye. "Haya. Sasa nitoe."

Mfaume angetoa kila alichokuwa nacho apate wa kumtukana badala ya maneno yale mawili matatu. Alifikiri habari za kuogelea hadi ng'ambo ya hori, lakini maji yanayotoka horini yalikuwa yakikimbia kuelekea bahari kuu na kuzoa magogo mazima. Akiondoka, huyu mama atakufa mtini peke yake. Akibaki, mguu unazidi kuoza. Alibaki. Aliuegemeza mguu ule kwa mikono miwili, misuli ikamkakamaa mpaka hakujua tena mikono ni ya nani, na kila Bi Theresia alipoanza kusinzia alimwuliza jina la mtoto wake mmojawapo, naye alijibu, mmoja baada ya mwingine, pamoja na wale aliowazika ng'ambo ya Ruvuma.

Jua likiwa linazama walisikia upondo ukigonga mizizi. Alikuwa Stefano, ndani ya mtumbwi wake wa kusombea kuni. Alikaa kutwa akitazama mchanga wa ng'ambo aone Landrova ikipanda, hakuiona, akangoja nguvu za maji zipungue apate kupenya. Hakusema "nilikwambia". Alikata kamba, wakamteremsha mgonjwa pamoja, na Stefano akasukuma kuelekea ng'ambo kwenye njia ya malori ya chumvi.

Mfaume alikaa mbele ya mtumbwi, akageuza uso magharibi. Mvua ilikuwa imeosha mbingu, hapakuwa na wingu hata moja. Alitazama tangu jua lilipozama hadi wekundu ulipokwisha. Hapakuwa na mwezi. Stefano alimpa funda la maji matamu, naye Mfaume akafuturu.

Lori la chumvi liliwafikisha Mtwara baada ya isha. Mganga wa zamu aliufungua mguu, akasema wangechelewa hadi kesho angeukata wote. Alikata vidole viwili. Mfaume alisubiri mpaka Bi Theresia akapumua sawasawa, ndipo akaenda Rahaleo kwa miguu, tope limemkaukia hadi kidevuni.

Njia nzima alipita kwenye harufu ya pilau. Watoto walikuwa wakipiga madebe. Msikitini watu walikuwa wakileta takbira kwa furaha, na walipomwona katika hali ile waliacha, wakadhani amefiwa. Mfaume alisimama mlangoni, asichafue mikeka.

"Maalimu," alisema, "niliapa uongo. Mwezi sikuuona. Kesho si Idi."

Hakuna aliyempigia kelele, na hilo lilimuumiza zaidi. Maalimu Bushiri alimwuliza mara tatu, kila mara akimtazama machoni, naye akajibu mara tatu jibu lilelile. Mzee akainamisha kichwa. Kisha akawaambia watu waende majumbani wakale daku, kesho wanafunga. Walitoka wakipita ubavuni mwa Mfaume kama wanavyopita mti. Nyumbani, Veronika alikuwa tayari amewasikia. Alimwuliza kwanza habari za mama yake, akashusha pumzi. Ndipo akaanza kuzikunja nguo mpya za watoto, moja moja, wala hakumlaumu.

Adhuhuri ya siku ya pili Mfaume alirudi hospitali, amefunga, jua kali, mjini hakusalimiwa na watu zaidi ya wawili. Muuguzi, Magreth, alimpokea na malalamiko: mgonjwa amekataa uji tangu asubuhi, na bila chakula dawa zitamwangusha. Bakuli lilikuwa pembeni ya kitanda, uji umeshika utando. Bi Theresia hakuwa amejifunika uso.

"Jana maji yote ulininywesha mimi," alisema. "Leo wanakuacha peke yako na aibu yako. Basi nafunga na wewe."

Miaka kumi na mmoja Mfaume hakuwahi kumwona mama huyu akila chakula. Aliketi ukingoni mwa kitanda, kitendo ambacho baba yake mzazi angekizuia kwa fimbo, akachukua kijiko, akaondoa utando, akakoroga.

"Siku hii ni yangu, mama," alisema, akimtazama machoni. "Wewe kula."

Bi Theresia alimtazama naye, akafungua kinywa.