Betri Haianikwi

Kila alasiri juu ya bati la nyumba ya Machibya, pale Kisesa, kulikuwa na betri nne za redio. Zilipangwa mstari mmoja, zikiota jua. Selina, mke wake, alikuwa ameshazoea. Akianua nguo, anaanua na betri.

"Baba Kija, hizi zimekauka," husema.

"Zigeuze upande wa pili," hujibu Machibya.

Machibya alifanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha nguo Mwanza. Kiwanda kilipopunguza watu, naye alipunguzwa. Sasa alilima mpunga, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio. Miaka hiyo ya tisini, maduka ya barabarani yalijaa redio za kila rangi. Yalijaa pia betri za majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Redio ikikohoa mahali, watu walimwita Machibya. Hakuwa fundi wa kulipwa. Alipenda tu kufungua vitu, na mara nyingine aliweza hata kuvifunga.

Jirani yake alikuwa Bibi Teodora, mjane, mzaliwa wa Nansio, kisiwani Ukerewe. Mdogo wake, Odeta, alibaki huko huko kisiwani. Odeta alikuwa mgonjwa wa muda mrefu. Barua yake ya mwisho ilisema hivi: "Dada, barua huchelewa. Hali yangu ikibadilika, watoto watatoa tangazo redioni. Sikiliza kila jioni."

Basi kila jioni Bibi Teodora aliketi mlangoni na redio yake mapajani. Hakupika mpaka matangazo yaishe.

Siku moja sauti ya redio ikafifia. Akamwita Machibya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Redio inanong'ona. Nimepata betri mpya mbili tu. Zitatosha?"

"Inataka nne," alisema Machibya. "Lakini usihangaike. Ninazo mbili nyumbani, nimezianika vizuri."

Akatia mbili mpya na mbili za juu ya bati. Redio ikaimba. Bibi akapiga vigelegele, na Machibya akarudi kwake kifua mbele.

Baada ya siku chache redio ikanyamaza kabisa. Machibya akaenda kuichukua. Alipofika nyumbani akafungua kifuniko. Betri zake mbili zilikuwa zimepasuka na kuvuja uji wa kahawia. Springi zilikuwa za kijani kwa kutu. Ndani zaidi, mstari mwembamba wa shaba unaopitisha umeme ulikuwa umeliwa na ule uji mpaka ukakatika.

Akaenda kwa bibi, macho chini.

"Bibi, redio imezeeka. Imekata roho."

Bibi Teodora alimtazama kwa muda. Kisha akasema, "Haya."

Neno hilo moja lilimkosesha Machibya hamu ya kula. Selina aliona.

"Mwambie ukweli," alisema Selina.

"Nimwambie nini? Kwamba fundi ndiye aliyeua?"

"Ndiyo. Mwambie hivyo hivyo. Mwenzio anasubiri habari za mdogo wake."

Machibya akatoka nje. Aliona aibu, na aibu ilimfunga mdomo.

Jumapili ilikuwa siku ya kikundi. Watu wachache wapenda redio walikutana baada ya kanisa, uani kwa mzee Bagenda, pale Igoma. Mzee Bagenda alikuwa Mhaya, fundi umeme mstaafu. Kila kifurushi cha vipuri kilipofika, kilifunguliwa mbele ya wote na kugawanywa. Lakini kikundi kilikuwa na desturi yake. Hakuna aliyegusa kipuri kipya kabla hajasema kosa lake la wiki.

Siku hiyo boksi la vipuri lilikuwa limefika kutoka Dar es Salaam kwa treni. Lilikaa juu ya meza, bado limefungwa kamba. Machibya alikuja na redio ya bibi kwenye mfuko. Aliusukuma mfuko chini ya kiti chake. Alitaka apate springi mpya kimya kimya, kisha aondoke.

"Naanza mimi," alisema mzee Bagenda. "Wiki hii nimelehemu waya pasipo kuvaa miwani. Nimeunguza kidole, na waya wenyewe nimeuweka siko."

Watu wakacheka. Akafuata Winnie, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi.

"Mimi nimetengeneza kipimo cha betri," alisema. Akaonyesha kipande cha ubao. Juu yake palikuwa na taa ndogo ya tochi na waya mbili. "Mara ya kwanza nilisahau kukwangua ncha za waya. Nimekaa saa nzima nikiilaumu taa, kumbe taa haina kosa. Haya, Machibya."

"Mimi wiki hii sijakosea," alisema Machibya.

"Basi hukufanya kazi!" alisema mzee Bagenda, na uani kote wakaangua kicheko.

Machibya naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kikavu. Ili wamsahau, akatoa betri mfukoni mwa suruali. "Mwalimu, hebu tupime kwa kipimo chako. Hii nimeianika siku tatu."

Winnie akagusisha waya huku na huku. Taa ikawaka.

"Mnaona?" alisema Machibya, akichangamka.

"Ngoja," alisema Winnie. "Tuhesabu wote mpaka thelathini. Moja, mbili, tatu..."

Walipofika kumi, taa ilikuwa nyekundu. Walipofika kumi na nane, ilizimika. Winnie akatia betri mpya. Wakahesabu mpaka thelathini, na taa bado ilikuwa inawaka vile vile.

"Kwani jua halirudishi nguvu?" aliuliza Machibya.

"Hapana, kaka yangu. Mpunga unaanikwa. Dagaa wanaanikwa. Betri haianikwi. Ndani yake kuna dawa. Dawa ikishatumika, imekwisha. Joto huiamsha kidogo tu, kisha inalala tena. Na kile kibati cha nje huliwa na dawa hiyo siku hadi siku. Kikitoboka, dawa inavuja."

"Na mtu akichanganya mpya na kuukuu?"

"Ndiyo mbaya zaidi. Mpya zinasukuma kazi, kuukuu hazina kitu. Zile kuukuu ndizo hupasuka. Zinaharibu redio nzima. Ukibadilisha, badilisha zote pamoja, tena ziwe za aina moja."

Machibya akamkumbuka bibi mlangoni, mapaja yake hayana kitu. Akauvuta mfuko kutoka chini ya kiti na kuiweka redio mezani.

"Nimekosea," alisema. "Hii ni redio ya Bibi Teodora. Betri zangu zimeiharibu, na mimi nimemwambia imezeeka. Mdogo wake ni mgonjwa Nansio. Redio hii ndiyo inayomletea habari. Nimemziba masikio yule mama."

Hakuna aliyecheka. Mzee Bagenda akachukua kisu, akakata kamba ya boksi.

"Kosa limesemwa," alisema. "Tufanye kazi."

Walifanya kazi kwa pamoja. Winnie alimwonyesha Machibya jinsi ya kukwangua kutu kwa msasa na kufuta kwa kitambaa kikavu. "Usiguse uji huo kisha ukashika macho," alimwonya. "Nawa kwa sabuni. Na betri zilizokwisha usizitupe motoni, zitapasuka. Usiwape watoto, wala usizitupe karibu na kisima."

Ndani ya boksi mlikuwa na springi mpya. Mzee Bagenda akalehemu waya mwembamba pale mstari ulipokatika, safari hii akiwa na miwani. Wakatia betri nne mpya, za aina moja. Redio ikakwaruza, ikakohoa, ikasema. Machibya akafuta macho kwa mkono wa shati.

Jua lilikuwa bado juu alipofika kwa Bibi Teodora. Hakukaa.

"Bibi, nilikudanganya. Redio haikuzeeka. Mimi ndiye niliyeiharibu, kwa betri zangu za kuanika. Unisamehe."

Bibi akaipokea redio. Hakusema kama amesamehe au hajasamehe. Akaiwasha, akaiweka mapajani. Machibya akaketi chini karibu naye, hakuthubutu kuondoka.

Jioni ilipofika, matangazo yakaanza. La tatu lilisema, "Bibi Teodora wa Kisesa, Mwanza, anatakiwa afike haraka Nansio, Ukerewe. Mdogo wake Odeta anamwita. Tangazo hili linarudiwa kwa siku ya pili."

Siku ya pili! Jana lilikuwa limesomwa, na redio ilikuwa nyumbani kwa Machibya. Alihisi kama amepigwa.

"Ananiita," alisema bibi, akisimama. "Anayeita bado yu hai. Nisaidie kufunga mzigo."

Alfajiri Machibya alimbeba kwa baiskeli mpaka Mwanza, bandarini. Bibi akapanda meli ya Nansio.

Wiki tatu zilipita. Jumapili moja kikundi kilikuwa uani kwa mzee Bagenda, boksi jipya likiwa mezani. Mlango wa uani ukafunguliwa. Akaingia Bibi Teodora, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Wote wakasimama na kumwamkia.

"Nasikia hapa mtu hapewi kitu kabla hajasema kosa lake," alisema.

"Ndiyo, mama," alisema mzee Bagenda. "Lakini wewe ni mgeni."

"Mgeni mwenye kosa. Redio ilipokaa kimya, na huyu akaniambia imezeeka, sikumwamini. Nilisema moyoni, amechomoa vyuma vizuri akauza. Nilimwita mwizi siku zile zote, kimya kimya. Machibya, unisamehe."

"Bibi, mimi ndiye..."

"Nyamaza, sijamaliza. Nilimkuta Odeta anaongea. Tulikaa naye siku nne. Nilimsimulia habari zako zote. Akaniuliza, 'Fundi wako ameanika betri kama dagaa?' Alicheka mpaka akaomba maji. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana." Akakaza kitambaa kichwani. "Kesho yake alifariki. Nilikuwa nimemshika mkono."

Selina, ambaye siku hiyo alikuja na mumewe, alilia waziwazi. Juu ya bati lake sasa palikuwa na nguo tu na dagaa. Majirani waliokuwa wakimwiga nao walikuwa wameshusha betri zao, mmoja mmoja, kila waliposimuliwa habari hii.

Bibi Teodora akanyoosha mkono mezani.

"Haya, kosa nimesema. Nami nipeni kile kitaa cha kupimia betri alichonisimulia Machibya, cha kuhesabia thelathini."

Machibya akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa kipande cha ubao chenye taa na waya mbili, ncha zimekwanguliwa vizuri. Alikuwa amemtengenezea tangu siku ile ya bandarini, ila aliona haya kumpelekea.