Kiti cha Nyuma cha Kwenda kwa Fintan

"Rudisha pochi yako, Kerryn! Nalipa mimi, halafu kila mtu anirushie chake kwenye simu."

Meza nzima ikaguna. Walikuwa wamemaliza nyama na chipsi kwenye baa moja pale Ipswich, Australia, siku ya kuzaliwa ya Kerryn, na Narelle alishamkimbilia mhudumu, kadi mkononi.

"Jamani, huyu mdogo wangu ana ugonjwa," Kerryn akasema. "Bibi alipokufa, aligombania kulipia jeneza."

"Jeneza lilikuwa na pointi nyingi," Narelle akajibu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Alicheka nao, lakini kicheko chake kiliishia mdomoni. Kila dola aliyotumia, iwe ya petroli, iwe ya chakula cha paka, aliipitisha kwenye kadi ile ya benki. Benki ilimpa pointi, na pointi zile ndizo zingekuwa tiketi ya ndege ya kwenda Ireland kwa mpenzi wake, Fintan. Mwaka wa pili ulikuwa umeingia tangu Fintan aondoke. Viza yake iliisha wakati baba yake amepigwa na kiharusi, akarudi kwao Clare kuuguza mzee na kukamua ng'ombe. Kwenye uwanja wa ndege walilia kama watoto.

"Njoo," Fintan alimwambia.

"Nakuja," Narelle aliapa.

Jioni ya siku ile ya kuzaliwa ya Kerryn, simu ikaita. Kwa Fintan kulikuwa asubuhi, ametoka kukamua.

"Umekula?"

"Nimekula. Mzee anaendeleaje?"

"Leo kakaa kitini mwenyewe, bila kushikwa."

"Kweli? Mpe hongera zangu!"

"Njoo umpe mwenyewe."

"Pointi ninazo, Fintan. Zimetosha tangu Krismasi."

"Sasa unangoja nini?"

"Zimetosha kiti cha nyuma mara mbili. Lakini mimi nataka cha mbele, kile kinachokunjuka kikawa kitanda. Vile vya pointi vinatoka kimoja kimoja, lazima uvivizie. Ukitumia pointi nyingi hivi kwa kiti cha nyuma, umezitupa."

Upande wa pili ndoo ikatuliwa chini kwa kishindo.

"Kumbe kuja kwangu ni kuzitupa," Fintan akasema.

"Sijasema hivyo!"

"Mimi ningekuja hata kwa kukaa chooni. Siwezi kumwacha mzee, ndiyo maana siji. Wewe unaweza, Narelle, na huji."

Akakata simu.

Siku zilizofuata Fintan hakupiga. Narelle alituma meseji asubuhi, akatuma mchana, zikasomwa bila kujibiwa. Alilala na sweta la Fintan ambalo harufu yake ilishaisha zamani, akawa ananusa sufu tupu. Alimtaka yule mwanamume. Alitaka kelele zake jikoni, miguu yake ya baridi kitandani, ule ubishi wake kuhusu chai. Kumpenda mtu wa kwenye kioo cha simu ni kazi ngumu, na usiombe yakukute.

Alhamisi, akiwa kazini kwa daktari wa meno, ameshika mrija mdomoni mwa mgonjwa, simu ikatetemeka mfukoni. Alipopata nafasi akachungulia: taarifa ya viti vya pointi. Kiti cha mbele! Kimoja, Brisbane mpaka Dublin!

Alikimbilia stoo, akahamisha pointi zake zote kutoka benki kwenda shirika la ndege. Kisha akamwandikia Kerryn: "NIMEKIPATA!!!"

"Umeshakata tiketi?"

"Bado. Pointi zinachukua siku mbili kufika."

"Narelle. Uliwapigia kwanza wakushikie kiti?"

Hii ndiyo sheria ya kwanza ya wavizia pointi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeihubiri kwenye kila karamu ya nyama choma mpaka watu wakachoka: shikiwa kiti kwanza, ndipo uhamishe, maana pointi zikishatoka benki hazirudi. Akapiga shirika la ndege huku anasali.

"Pole sana, dada," sauti ikasema. "Kimechukuliwa sasa hivi."

Narelle akaketi juu ya maboksi ya glavu, akampigia Fintan bila kujali kama atapokea. Akapokea.

"Kimeenda," akalia. "Kiti kimeenda, na pointi zote zimenasa kwa shirika moja!"

"Pole, mpenzi. Shirika hilo halina viti vya nyuma?"

"Vipo."

"Lini?"

"Karibu kila siku."

"Na mwaka jana vilikuwepo?"

"Vilikuwepo."

"Basi tatizo si kiti. Niambie ukweli tu. Nikishaujua, hata kama mbaya, nitalala usingizi."

"Naogopa."

"Unaogopa ndege?"

"Naogopa kufika, Fintan. Nikifika nitaona kwa macho yangu kwamba wewe huwezi kuondoka huko, na mimi itabidi nichague. Nikiwa hapa natafuta kiti, wewe bado wangu na kwetu bado kwetu."

"Mimi sijawahi kukuomba uhamie huku."

"Na hilo ndilo linaniua! Nifike na mabegi, kumbe hutaki nikae?"

Fintan akacheka, kisha kicheko kikageuka kwikwi. "Mwanamke wewe! Sikukuomba kwa sababu nilidhani ukisikia neno 'kaa', hutakuja kabisa."

"Basi niombe sasa."

"Kaa. Njoo ukae na mimi."

Pointi zilipofika, Narelle hakutazama viti vya mbele. Alikata kiti cha nyuma, cha katikati, jirani na choo, ndege tatu mpaka Shannon, uwanja ulio karibu na kwa kina Fintan. Kerryn ndiye aliyempeleka uwanjani.

"Wewe? Cha katikati?" Kerryn akamkumbatia, machozi yanamtoka. "Sasa nimeamini unampenda."

Alisafiri magoti kifuani, katikati ya wanaume wawili wenye mikoromo. Alipotokea upande wa pili, miguu imevimba na nywele zimesimama, Fintan alikuwa pale, amekonda, ameshika kofia kwa mikono miwili. Walishikana mpaka watu wakaanza kuwapita pembeni na masanduku yao.

"Mzee yuko wapi?" Narelle akauliza.

"Nyumbani, na jirani. Sikumwambia kwamba unakuja."

"Kwa nini?"

Fintan akatazama chini. "Niliona nisimpe tumaini. Nilidhani dakika ya mwisho utapata kiti kizuri zaidi."

Neno lile lilimchoma Narelle kuliko safari nzima. Alijua amelistahili.

"Mpigie," akasema. "Sasa hivi, nikisikia."

Fintan akapiga, akaweka sauti ya juu.

"Baba? Narelle amefika. Yuko hapa, nimemshika mkono."

"Mwambie sina tiketi ya kurudi," Narelle akasema. "Mwambie nimekuja kukaa."

Tangu kiharusi, maneno ya mzee yalitoka moja moja, kwa jasho. Wakamsikia akihema, akilitafuta la kwanza.

"Mlete," akasema. Akahema tena. "Mlete... nyumbani kwake."