Kiti cha Ngeleka

Asubuhi hiyo kiti cha foklifti kilikuwa na joto. Symphorien, fundi wa depo, aliweka kiganja juu yake ili apande, akakiondoa upesi, kisha akakirudisha polepole kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama Domitille," akaita kwa sauti ya chini, "kuko mutu aliikala hapa?"

"Nani aikale? Depo nimefungua sasa hivi. Ni jua."

Jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya ukuta. Domitille alilijua hilo, na Symphorien alijua kwamba analijua, lakini mwenye depo akishasema ni jua, basi ni jua. Fundi akainama kunusa. Kiti kilitoa harufu ya dizeli na, chini ya dizeli, harufu kali ya dawa ya kuchua mgongo. Mtu mmoja tu deponi alikuwa akijipaka dawa ile, naye alikwisha kuzikwa.

Domitille si mtu wa kuogopa mashine. Anauza saruji na unga wa mahindi hapo Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo, na katika kununua magari hana mpinzani. Wenye biashara ndogo wakitaka lori humwomba aende nao, naye atalala chini ya lori na kitenge chake kizuri atafute mafuta yanayovuja, atagonga fremu asikie kama iliwahi kuchomelewa, na atadai injini iwashwe ikiwa baridi, maana muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana jambo. Foklifti yake aliipima hivyo hivyo, kwenye yadi moja ya njia ya Mutoshi. Alilinganisha minyororo yote miwili. Alipapasa meno ya kubebea mzigo atafute nyufa. Akaagiza mzigo unyanyuliwe na uachwe juu, aone kama utashuka wenyewe. Haukushuka.

Kisha akafanya jaribio la mwisho. Akiwa amesimama chini, kiti kitupu, alinyoosha mkono, akawasha, akavuta mkono wa kunyanyulia.

Mashine iliyo nzima hukataa hapo. Chini ya kiti kuna swichi inayobanwa na uzito wa dereva. Dereva akishuka, injini inaweza kuunguruma itakavyo lakini meno hayapandi wala mlingoti unaoyabeba hausogei. Hii meno yake yalipanda. Mtu alikuwa ameunganisha waya za swichi ili asisumbuke. Domitille aliziona, akaelewa kila kitu, akamgeukia muuzaji. "Punguza prix," akasema, "nitakamata." Swichi mpya angenunua baadaye. Kilichopungua kwenye bei kikaenda kwenye matairi ya lori lake, na hiyo baadaye haikufika.

Ngeleka, dereva wake, aliikuta mashine hivyo, akadhani mama ndivyo alivyotaka. Siku moja alishuka injini ikiunguruma, akajipenyeza kati ya mlingoti na usukani kunyoosha mifuko ya saruji iliyokaa vibaya, bega lake likasukuma mkono wa kuinamisha mlingoti, nao ukarudi nyuma ukambana. Alikufa kabla Domitille hajatoka ofisini, na ofisi iko palepale.

Kwenye kilio, nyumbani kwa marehemu kule Kapata, kaka wa marehemu alisimama mbele ya watu akamuuliza mwajiri, kama ilivyo desturi, "Mama, ndugu yetu alikufa namna gani?" Jibu linalotolewa hapo ndilo linalobaki. Watoto wa marehemu hukua nalo. Domitille alikuwa amelia usiku kucha na alikusudia kusema kweli, Mungu shahidi. Lakini alipofungua mdomo aliisikia sauti yake ikisema, "Njo yeye aliunganisha zile waya. Mi nilimukataza."

Watu wakatikisa vichwa. Kabemba, mjane, akainamisha chake.

Laiti Kabemba angekasirika. Lakini kilio kilipokwisha alikuja depo amebeba kuku mwekundu kwapani, akapiga magoti kidogo mlangoni.

"Mama, pardon," akasema. "Bwana yangu alikuharibia mashine na jina ya depo. Shiye hatuna kitu ya kulipa. Huyu kuku alikuwa anamulisha yeye mwenyewe, na mukono yake. Umukamate."

Domitille akampokea. Hakuweza kumchinja. Alimwacha atembee tu deponi.

Kuku ndiye aliyeona kwanza, kabla hata ya asubuhi ile ya kiti chenye joto. Saa ya chakula, wafanyakazi wakiwa nje barabarani, alikwenda kusimama kando ya foklifti, shingo juu, jicho moja limeelekea kitini, akangoja, namna kuku anavyomngoja mtu mwenye mahindi. Domitille alimtazama kupitia dirisha la ofisi. Baada ya muda kuku akaanza kudonoa sakafu tupu.

Swichi mpya ilikuwa imeshafungwa. Symphorien aliifunga mara tu baada ya mazishi, Domitille akimsimamia mpaka alipoijaribu na kuona kwamba bila mtu kitini meno hayatikisiki. Kwa hiyo aliposikia, mchana kweupe, mlio ule wa mashine inayorudi nyuma, tii, tii, tii, ukitoka ndani ya ghala lililofungwa, na akakimbia na ufunguo mkononi, na akafungua akaikuta foklifti imezimwa, iko palepale, ila meno aliyoyaacha yamelala sakafuni sasa yako usawa wa kifua cha mtu, na kiti kimebonyea katikati na kinazidi kubonyea upande mmoja kadiri anavyosogea, kama dereva anayegeuka kumtazama anayeingia, na ile harufu ya dawa ya mgongo ikimjaa puani hadi macho yanamwasha, aligundua kwamba anaomba msamaha kwa kunong'ona, mfululizo, bila kutaja kosa lenyewe.

Wafanyakazi walisema ni jini la machimboni, limekuja na mashine kutoka huko ilikotumika. Domitille alilishika jibu hilo kwa mikono miwili. Jini halina mjane. Akamwita Tata Mwenze, mwombezi anayesifika kwa kufukuza mapepo, naye akaja na chupa yake ya mafuta, akaomba sana, akayapaka meno ya mashine, akayapaka magurudumu. Alipoweka mkono kitini akaacha kuomba.

"Mama, huyu haiko jini," akasema polepole. "Jini ningemufukuza. Huyu ni mutu, na anangojea. Anangojea nini kwako?"

"Siyue, tata."

"Ufikiri bien."

"Siyue."

Tata Mwenze akafunga chupa yake, akaondoka bila kunywa hata maji aliyoandaliwa. Domitille alibaki amesimama na bilauri mkononi, na aibu ilimshika kwelikweli, lakini aibu ya mbele ya mtu mmoja mtu huimeza. Akaamua kufanya kile anachokiweza: kuuza.

Mnunuzi aliitwa Naomie, mwanamke mchanga aliyekuwa anafungua depo ya vifaa vya ujenzi njia ya Nzilo. Alilala chini ya mashine kutafuta mafuta yanayovuja. Akalinganisha minyororo. Akapapasa meno. Domitille alikuwa kama anayejitazama. Kisha Naomie akasimama chini, akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Haitapandisha," Domitille akasema. "Swichi ni mupya. Mpaka mutu aikale."

Injini ikawaka. Naomie akavuta mkono wa kunyanyulia, na meno yakapanda, laini, bila kusita, mpaka juu.

Symphorien alipiga magoti akachungulia chini ya kiti. Akainuka polepole. "Waya ziko muzuri, mama. Hakuna mutu alizigusa. Swichi inabanwa."

"Na nini?" Domitille akanong'ona, ingawa alikuwa anaona. Kiti kilikuwa kimebonyea hadi chini, na kuku alikuwa amesimama kando yake, shingo juu.

Naomie hakutazama kiti. Alikuwa na tabasamu la mtu aliyepata alichokitafuta. "Kumbe baliunganisha waya. Bon, si kitu. Punguza prix, nitakamata. Swichi nitanunua nyuma, siku ingine."

Domitille akamgeukia. "Nani atakuwa anaiendesha?"

"Mudogo yangu, Dady."

Mashine iliendelea kuunguruma. Harufu ya dawa ilikuwa nzito sasa, hata Naomie akapangusa pua.

"Haiuzwe," Domitille akasema.

"Juu ya nini?"

"Iliua mutu hapa." Alisema taratibu, akitazama kiti. "Nilipoinunua waya zilikuwa zimeunganishwa. Nilijua. Nilifurahi hata, juu ilishusha bei. Tata Ngeleka hakugusa kitu. Nilimusingizia ku kilio, mbele ya muke wake na batoto wake."

Injini ikazimika. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Meno yakashuka polepole, yakalala sakafuni bila kishindo, kama Ngeleka alivyokuwa akiyalaza kila jioni kazi ilipokwisha, kisha kiti kikajiinua na kutoa pumzi ndogo ya hewa. Symphorien, aliyekuwepo kwenye kilio kile na kuamini, akavua kofia yake akaondoka bila kumtazama Domitille. Kuku akageuza kichwa taratibu, akifuata kwa jicho kitu kilichokwenda kuelekea getini.

Naomie alipoondoka, Domitille aliona mzigo umemtoka. Amesema. Limesikika. Kwa Kabemba angekwenda siku nyingine, akiwa na nguvu, labda na gunia la unga. Akaingia garini kwake aende nyumbani akalale.

Alipowasha tu, kengele ikaanza kulia: tii, tii, tii. Taa nyekundu ikawaka mbele yake, ile inayowaka abiria asipofunga mkanda. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu, na kilikuwa kimebonyea, na gari zima lilinuka dawa ya kuchua mgongo.

Domitille alilia kwanza. Kisha, kwa kuwa hakujua la kufanya, alinyoosha mkono, akauvuta mkanda, akaupitisha. Haukulala kitini. Ulisimama hewani, umepinda, usawa wa kifua. Akauchomeka, na kengele ikanyamaza.

Aliendesha hivyo, bila kutazama pembeni, hadi njia panda, ambapo kwenda nyumbani ni kushoto na Kapata, kwa Kabemba, ni kulia. Mkono wake, kwa mazoea tu, ukawasha taa ya kushoto. Klik. Mkanda ukafunguka, kengele ikaanza tena.

"Tata Ngeleka," akanong'ona, "leo?"

Kengele iliendelea kulia. Domitille akaizima taa ya kushoto, akawasha ya kulia, akangoja. Mkanda ukajivuta kutoka pembeni, ukapita kwenye kile kifua asichokiona, ukajifunga wenyewe.