Ua la Mtoto wa Jeruto

Mkebe wa mafuta ya Kimbo ulikuwa mlangoni, pale mtaani Kimumu, na ndani yake mtoto alikuwa ananyonya. Mchana kweupe! Virginia aliacha vyombo kwenye karai akasikiliza. Mwanawe mchanga, Mburu, alikuwa kitandani amelala. Mkebeni kulikuwa na ua tu, ule mmea wa Madagaska wenye miiba mirefu na maua mekundu, ambao watu wa kanisa huuita taji la Kristo. Ukiukata unatoa maziwa.

Alipomwinua Mburu anyonye, matiti yalikuwa matupu.

Ikawa hivyo kila siku. Nyumba ikanuka maziwa yaliyochacha, hata makoti ya mumewe Ephantus yakanuka, na kila sauti ile ilipoanza mkebeni Virginia alihisi maziwa yakivutwa kifuani mwake polepole, huku Mburu akilia mpaka sauti ikamkauka, akitema hata maziwa ya Nyayo ambayo watoto wa jirani walimletea kutoka shule. Mtoto akabaki mifupa.

Mama Nyaguthii, mwombezi wa kanisa, akaitwa. Aliomba, kisha akanusa.

"Virginia, hii maua ulitoa wapi?"

Wee! Aseme nini? Kila mwanamke Kimumu anajua kitawi cha ua cha kuiba hushika mizizi kuliko cha kuomba. Lakini yeye alikivunja kaburini, kwa marehemu mtoto wa Jeruto, mwenzake wa kwaya. Na Jeruto alipolisifu ua lile, Virginia alimwambia kwa macho makavu kwamba amelinunua taoni.

"Mrudishie," Mama Nyaguthii akanong'ona. "Na useme kwa mdomo yako."

Aibu ilimchoma njia nzima. Mburu alimwacha na mama mkwe, mkebe akaubeba kifuani, ameufunika kwa leso. Mlangoni kwa Jeruto alisema yote, akiangalia chini.

"Nilijua siku ile ile," Jeruto akasema polepole. "Nilipanda na mikono yangu, nikose kuijua?"

"Nisamehe. Chukua."

"Mwaka mzima nilimsikia mtoto wangu huko kaburini akitafuta titi, na yangu yalikuwa yamekauka. Tangu umchukue, nalala." Akashika mlango. "Wewe uko na maziwa. Kaa naye."

Akafunga. Virginia angebisha na uso gani?

Barabarani akakutana na wanawake wa kwaya.

"Mama Mburu! Unamfunika hivyo na hii jua yote? Mtoto hajambo?"

Blauzi ilikuwa imelowa maziwa. Virginia alivuta leso, miiba ikamwingia.

"Hajambo," akasema. "Amelala."

Chini ya leso, kitu kikacheua.