Harufu Chumbani kwa Bibi

Bibi aliishi kwenye banda la matofali, uani kwa mwanawe. Banda lilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye. Kingine kilikuwa stoo ya majembe na magunia. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, na mkwewe alikuwa mshonaji wa nguo.

Kila asubuhi Bibi alivuka ua kwenda kuomba maji ya moto jikoni. Akimkuta mkwewe amebanwa na kazi, alisubiri. Kusubiri huko kulimkera. Maisha yake yote alikuwa amepikia watu, na sasa chai yake mwenyewe aliingojea kama mgeni.

Mwanawe aliliona hilo. Akaamua kumvutia mama yake gesi kutoka nyumba kubwa. Mtungi ulikaa nje ya ukuta wa jikoni. Kazi ilikuwa kuifikisha gesi ile bandani.

Alimwita mtu mmoja wa jirani aliyegusa kila kazi: mabomba ya maji, umeme, mapaa, hata redio mbovu. Watu walimwita Fundi Hamna Shida, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali.

Fundi hakukawia. Alichimba mtaro mfupi uani, akalaza ndani yake mpira wa kumwagilia bustani, akaufukia. Jiko dogo akaliweka kando ya kitanda cha Bibi. Bibi akauliza kama mpira ule si wa maji. Fundi akasema hamna shida, mpira ni mpira. Bibi akakubali, kwa kuwa alilitaka jiko lile kwa moyo wote.

Furaha yake haikufika mbali. Wiki haikuisha kabla hajaanza kusikia harufu, kama ya kitu kilichooza. Akiwa amesimama, ilikuwa hafifu. Akiinama kutafuta viatu chini ya kitanda, ilimjaa puani. Kichwa kikaanza kumuuma.

Alimwambia mwanawe. Mwanawe alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema hasikii kitu. Hata hivyo alimwita fundi. Fundi naye alisimama mlangoni. Alieleza kwamba mpira mpya una harufu yake, na kwamba itaisha yenyewe. Kisha akatoa kiberiti mfukoni, ili awashe karibu na kiungo cha mpira na jiko, awaonyeshe kuwa hakuna gesi inayovuja.

Bibi alimdaka mkono. "Hapa ninapolala huwashi kitu," alisema.

Fundi alicheka. Mwanawe naye akatabasamu. "Mama, ni umri tu," alisema. "Pua nazo huchoka."

Wote wawili walipoondoka, Bibi alikaa kitandani na hasira yake. Pua hiyo waliyoidharau ilikuwa imejua maziwa yanaungua hata akiwa kisimani. Ilijua mtoto ana homa kabla hajaguswa. Huyo huyo mwanawe ilimlea. Leo imechoka?

Kesho yake aliamka kichwa kizito, na harufu imezidi. Hakuwasha jiko wala hakugusa swichi ya taa. Alifungua mlango na dirisha, akatoka. Alizunguka hadi kwenye mtungi, akaufunga. Halafu akafungua kile kichwa cha mtungi kinachopitisha gesi, akakitia mfukoni mwa gauni lake. Akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo, juani.

Nyumba nzima iliamka bila chai. Mwanawe akatoka nje, shati halijafungwa vifungo. Alikuwa na safari. Aliomba kile kichwa kwa upole, kisha kwa ukali kidogo.

"Sikupi," Bibi alisema. "Mlete mtu anayeijua kazi ya gesi. Yule wenu hapana. Mpaka afike, tutakunywa maji baridi."

"Mama, nachelewa."

"Chelewa. Mimi ningekufa mle ndani, mngesema nini? Mngesema bibi amelala usingizi wa amani. Mngenipamba maneno mazuri, na mtu asingeuliza."

Ni mkwewe aliyevuka ua. Aliingia bandani, akapiga magoti kando ya kitanda, akainamisha uso hadi karibu na sakafu. Alitoka mbio, mkono puani. Alisema mama anasema kweli, na kwamba yeye mwenyewe anaona aibu.

Akapiga simu kwenye duka wanakonunua mitungi. Wakatumiwa fundi wa gesi, dada mmoja mwenye ovaroli na kitambulisho kifuani. Aliwaamkia, kisha akamwendea Bibi kwanza.

"Umeisikia wapi, bibi?"

"Chini, mwanangu. Nikiinama."

"Ndipo inapokaa. Gesi hii ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya chini. Mtu akisimama mlangoni anaweza asiisikie. Yenyewe haina harufu. Hiyo hutiwa makusudi, ili ikivuja watu wajue. Ulifanya nini ulipoisikia?"

Bibi akamweleza. Dada akamgeukia mwanawe. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Fungua madirisha, funga mtungi, toka nje. Usiwashe moto, usiguse swichi ya taa. Cheche moja inatosha. Na mtu akikwambia anapima gesi kwa kiberiti, mfukuze."

Kisha akafukua mtaro. Mpira ulikuwa umelainika na kuvimba, kwa sababu gesi huula mpira wa maji. Penye kiungo, vipande viwili vilipokutana, ulikuwa umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Na kiungo chenyewe kilikuwa chini ya ukuta, upande wa kichwa cha kitanda.

Mwanawe alikitazama kiungo kile, akakaa chini pale pale kwenye udongo.

Dada hakumbembeleza. Alisema jiko la gesi halikai chumba cha kulala, hata likiwa zima. Wakakubaliana stoo iwe jiko la Bibi. Mwanawe akahamisha magunia, akatoboa ukuta: tundu moja chini karibu na sakafu, jingine juu, ili hewa ipite.

Siku ya kazi, dada alileta bomba la shaba. Alilipitisha ndani ya bomba jingine gumu la kulilinda, kwenye mtaro wa kina kirefu zaidi. Hakuacha kiungo hata kimoja chini ya ardhi. Nje ya banda akaweka valvu, ili gesi ya bandani ifungwe bila kuingia ndani. Mpira aliutumia kipande kifupi tu, kutoka bombani hadi kwenye jiko. Ulikuwa mpira wa gesi wenye tarehe ya kuubadilisha, umebanwa vizuri pande zote.

Kabla ya kufukia, alijaza bomba hewa kwa pampu, akatazama kama sindano ya geji ya kupima presha itashuka. Haikushuka. Halafu akampa Bibi maji ya sabuni apake viungo vya nje. Kama kuna tundu, alimwambia, mapovu yatatoka. Bibi alipaka kila mahali, akarudia. Hakuna kilichotoka.

Alipowasha jiko lake, moto ulikuwa wa bluu na mtulivu. Alichemsha chai ya watu wote. Mwanawe aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama, nilisema umezeeka."

"Nimezeeka kweli. Hilo halikuniudhi. Kilichoniudhi ni kwamba hukuinama."

Fundi Hamna Shida alipopita kuuliza habari, mwanawe alimwonyesha ule mpira. Akamwambia mbele ya majirani kwamba aendelee na redio, gesi asiiguse tena. Wawili kati ya majirani walikwenda siku hiyo hiyo kufukua mitaro aliyowachimbia.

Mwezi uliofuata, familia ikiwa mezani, mjukuu mdogo alisema kunanuka. Mwanawe aliacha chakula. Akafunga mtungi, akafungua milango, akawatoa wote nje. Dada wa gesi aliitwa, akapima nyumba nzima. Mwishowe aliibuka na viazi vilivyooza nyuma ya kabati.

Mtoto akatazama nyuso za wakubwa. Hakuna aliyecheka.