Hitima ya Nyumba Sitini

Siku hiyo mjinga alikuwa Muhamudo, na yeye mwenyewe hakatai. Mpaka leo watu wa mtaa ule wa mji wa Palma, popote vita vilipowatawanya baadaye, wakikumbushana mwaka wa korona huanza na wali wake. Naye hucheka kuliko wote.

Ilikuwa arobaini ya mama yake. Mama huyo ndiye aliyeanzisha chama cha wanawake cha mtaa, zamani, kabla gesi haijagunduliwa baharini na barabara haijajaa malori. Jina la chama lilikuwa Tusaidiane, lakini watu walikiita Chama cha Masufuria. Ukitokea msiba, wanawake arobaini walifika alfajiri na leso za sare, masufuria vichwani, bila kuitwa na bila kulipwa. Wengine walikuna nazi, wengine walichota maji, wengine walikaa tu na mfiwa wakamshika mkono. Muhamudo alikulia ndani ya moshi ule. Hata sasa akifumba macho humwona mama yake anageuza wali kwa mwiko mrefu kama kafi la mtumbwi, huku akiwatania wenzake.

Basi alitaka mama yake apate hitima kama zile alizowapikia wengine. Uwanja ujae watu. Asije mtu akasema mwanamke yule alisahauliwa siku arobaini tu baada ya kuzikwa.

Lakini mwaka ule mikusanyiko ilikatazwa. Nazira, mkewe, alimweleza chama kilivyoamua. Wanawake wachache watapika. Chakula kitapelekwa nyumba kwa nyumba. Kila nyumba itasoma hitima yake baada ya alasiri. Muhamudo alisema sawa, maana kubishana na wanawake arobaini ni kazi. Kisha akamtuma rafiki yake Dauto apite barazani kimyakimya, awaalike watu wote wa nyumba sitini za mtaa waje uwanjani kwake.

Siri ya Dauto haikulala. Asubuhi ya arobaini Nazira alichukua mwiko wake akaondoka. Aliacha maneno manne: mwenye kualika ndiye apike.

Wakapika. Muhamudo alimwaga mchele wote katika sufuria moja, maji yakiwa bado baridi. Dauto alichochea moto mpaka machozi yakamtoka. Walipofunua, juu palikuwa na mchele mbichi, katikati uji, chini mkaa. Dauto alionja, akatafuna muda mrefu, akasema chumvi imekaa vizuri.

Hapo ndipo alipofika Khairiya, jirani yao na mwenyekiti wa chama. Alikuwa amefundishwa habari za korona siku tatu katika kituo cha afya, yeye na wenzake wawili. Hakuingia. Alisimama mlangoni, barakoa usoni, akatoa salamu kutoka pale pale.

"Dada Khairiya," Muhamudo alisema, "chama hiki kakianzisha mama yangu. Amewapikia maiti wenu wote. Leo zamu yake imefika, mmemkimbia."

Khairiya alikaza barakoa yake. Maneno yalikuwa yamemwingia.

"Hatujamkimbia," alisema. "Hebu nionyeshe, watu wako watanawa wapi?"

Muhamudo akaonyesha beseni. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Beseni moja la maji huzunguka mkekani, kila mtu akachovya mkono, akampasia mwenzake. Khairiya akamuuliza, mtu wa kwanza ananawa nini? Akajibu, uchafu wake. Na wa mwisho? Muhamudo akalitazama beseni, akajibu. Wa mwisho ananawa uchafu wa wote.

Khairiya akaeleza polepole. Ugonjwa huu husafiri kwa mate madogo, mtu akikohoa, akicheka au akisema. Watu sita wakiinamia sinia moja, wanapumuliana usoni. Mwingine ana ugonjwa na hajisikii chochote, lakini anaugawa. Kwa hiyo mnakaa mbali mbali, mnafunika mdomo na pua, na mnanawa kwa sabuni na maji yanayotiririka.

"Na ugonjwa huu," alimalizia, "wenye umri na wenye vifua vibovu ndio unaowabeba."

Akageuka, akatazama njia. Muhamudo naye akatazama. Bi Awa, mdogo wake marehemu, alikuwa anakuja, wa kwanza katika wageni wote. Miaka sabini na zaidi, pumu ya siku nyingi. Alikuwa amevaa leso ya sare ya chama. Kila hatua kumi alisimama kuvuta pumzi.

Muhamudo alimtazama mama yake mdogo. Uso ule ulikuwa wa mama yake kabisa. Huyu ndiye aliyembakia. Akashika beseni, akamwaga maji mchangani.

"Dauto," alisema, "rudi ulikopita. Waambie wabaki majumbani kwao."

"Nyumba zote sitini?"

"Ulipowaalika hukuchoka."

Bi Awa alikubali kurudi nyumbani baada ya kuahidiwa sahani ya kwanza. Wanawake wakaingia, wanne tu, Nazira akiwa mmoja wao. Kila mmoja aliwasha jiko lake pembeni. Mlangoni walitundika dumu lenye kamba. Ukikanyaga kijiti kwa mguu, dumu linainama, maji yanatoka, na mkono haugusi kitu. Wali wa Muhamudo ulitupiwa kuku, na kuku nao waliufikiria kwanza.

Adhabu yake ilikuwa kupeleka bakuli. Nazira alimfunga barakoa aliyoishona kwa leso ya marehemu. Ilikuwa bado na harufu ya udi na moshi, na Muhamudo alisimama nayo kidogo kabla ya kutoka. Alipita nyumba kwa nyumba. Alipiga hodi, akaweka bakuli lililofunikwa kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu. Watu walimpa pole kwa mbali, mkono kifuani. Nyumba nyingine zilikuwa na wageni waliokimbia vita huko kusini, wasiomjua kabisa marehemu. Nao walipata bakuli lao.

Baada ya alasiri alikuwa bado njiani. Akasikia Yasini ikianza katika nyumba moja, kisha ya pili, kisha ng'ambo ya njia. Haikwenda pamoja. Huku wanamaliza, kule ndio wanaanza. Jina la mama yake lilitajwa katika dua dirisha baada ya dirisha, na watoto waliitikia amina. Uwanja wake usingeweza kubeba watu wengi kiasi kile. Alisimama, barakoa ikalowa.

Wiki iliyofuata jirani yao Abibo akaanza homa na kikohozi. Kituo cha afya kikathibitisha kuwa ni korona. Naye alikuwa amealikwa, tena angekula sinia moja na wanaume watano. Alikaa chumbani kwake siku zilizotakiwa, chama kikimwekea chakula kizingitini, akapona. Katika nyumba ile ugonjwa uliishia kwake, wala majirani hawakuugua. Tangu hapo kila hitima ya mtaa ilifanywa hivyo, na madumu yakatundikwa hata misikitini.

Dauto pekee ndiye hakuridhika. Jioni moja, wamekaa mbali mbali barazani kwa Bi Awa, alianza tena. Hitima bila watu si hitima, alisema. Hitima ni kukusanyika, kubanana, kula pamoja. Zamani tulikuwa watu. Muhamudo alitaka kujibu, lakini Bi Awa aliinua kiganja, akavuta pumzi yake taratibu mpaka ikatosha.

"Dauto mwanangu," alisema, "wewe ulitaka mimi nile hitima ya dada yangu, au wewe ule yangu?"